Skrini Mpya au Alhamisi ya Mchungaji?

SWALI: Bwana asifiwe, mwalimu. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kayole, kanisa la watu kama 200 hivi. Kwaya yetu ni nzuri na vyombo tunavyo, lakini mahubiri yamedorora. Mchungaji wetu ni mtu mwema na tunampenda, ila kila Jumapili ni "msimu wako umefika" na "mwambie jirani yako". Sasa tumepata pesa kidogo na kamati imegawanyika. Vijana wanataka skrini kubwa ya ukutani. Wanasema mahubiri mazuri yamejaa YouTube, anayeyataka atayasikiliza kwa simu yake. Mimi nimependekeza mchungaji apelekwe kozi. Je, mahubiri yana uzito kiasi hicho, au ni mimi tu mzee ninayekumbuka zamani?

JIBU: Bwana asifiwe sana, mzee wangu. Kwa miaka kadhaa sasa nafundisha somo la kuhubiri katika chuo cha Biblia hapa Nairobi, na kabla ya hapo nilichunga kanisa la mabati huko huko Eastlands kwa miaka 11. Kwa hiyo nikimgusa mchungaji wako mahali, jua nimejigusa mwenyewe kwanza. Nitakujibu, kisha nami nitakuuliza swali moja, maana barua yako imenyamazia jambo ambalo kwangu ndilo kubwa.

Uzito unaouulizia umo ndani ya neno lenyewe. "Hubiri" na "habari" ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu. Mhubiri ni mpasha habari. Lugha yetu haina uhaba wa majina ya maneno mema: tuna nasaha, tuna mawaidha, tuna ushauri, tuna maonyo ya wazee. Hayo yananieleza nifanye nini. Habari inanieleza kwamba jambo limetokea. Mtu akija mbio mlangoni kwako akasema "mwanao amepatikana", hajakushauri kitu, lakini wewe mwenyewe utatafuta viatu. Ndiyo sababu "msimu wako umefika" hunichosha hata ikisemwa kwa ufundi. Ndani yake hamna tukio. Nani alifanya nini hata msimu wangu ukafika? Msalaba uko wapi? Kaburi tupu liko wapi? Maneno hayo unaweza kuyapeleka kwenye mkutano wa wauza bima na hakuna atakayejua yametoka kanisani.

Wanafunzi wangu huwaanzisha na Nehemia sura ya 8. Watu wamerudi kutoka uhamishoni, mji una magofu, wamekusanyika uwanjani mbele ya lango la maji. Ezra anapanda juu ya mimbari ya mti waliyoitengeneza kwa kusudi hilo, anasoma tangu mapambazuko hata adhuhuri. Kisha unakuja mstari wa 8: "Nao wakasoma katika kitabu, katika torati ya Mungu, kwa sauti ya kusikilika, wakaeleza maana yake, hata wakayafahamu yaliyosomwa." Kazi yote ya mimbari imo humo: soma, isikike, eleza, ieleweke. Wasikilizaji walilia. Wakaambiwa wasilie, waende wakale vilivyonona, wanywe vilivyo vitamu, na wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu. Mahubiri ya siku hiyo yaliishia kwenye sahani ya jirani. Hakuna aliyeambiwa amgeukie jirani na kumwambia chochote; waliambiwa wampelekee chakula.

Sasa nikusimulie kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kuliko chuo.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwaka. Nilihubiri Yeremia 29:11, mstari ule uliobandikwa kwenye kalenda na vioo vya matatu: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nikasema mwaka huu ni wako. Kazi, nyumba, ndoa, vyote mwaka huu. Kinanda kilikuwa kinapigwa chini chini nyuma yangu, watu walisimama, wengine walilia. Nilirudi nyumbani nikijiona nimehubiri.

Mwezi wa kumi na moja mama mmoja muuza mboga alinifuata baada ya ibada. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, "Pasta, yale mawazo ya amani yalipotelea wapi?" Mwanawe alikuwa ameachishwa kazi, kodi ya nyumba ilikuwa na deni la miezi mitatu. Sikuwa na jibu. Usiku ule ndipo nilipoisoma sura nzima, na naona haya kukwambia kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisoma kwa utulivu. Ile ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 10, mmoja tu kabla ya ule wangu, unasema itapita miaka 70 kabla ya kurudi. Sabini! Wengi wa waliosomewa barua ile wangezikwa Babeli. Nikarudi nyuma sura moja nikamkuta nabii Hanania, anayewaahidi watu kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarejeshwa. Yeremia akamwambia anawatumainisha watu maneno ya uongo. Basi nikaelewa nilichokuwa nimefanya: nilihubiri ujumbe wa Hanania kwa kutumia mstari wa Yeremia.

Na kilichoniuma zaidi ni utajiri nilioupita. Mstari wa 5 unasema, "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Mstari wa 7: "Kautakieni amani mji ule." Hebu fikiria neno hilo likiangukia Nairobi. Sisi tunaishi hapa miaka 30 na bado tukiulizwa kwetu ni wapi tunataja kijiji. Nairobi ni mahali pa kutafuta, si pa kukaa, kwa hiyo takataka tunatupa mtaroni, jirani wa ploti hatumjui jina, na shule ya mtaa hatujali inavyoendeshwa. Mungu anawaambia mateka wauombee mji wasioupenda, kwa sababu katika amani yake wao nao watapata amani. Yule mama angekuwa na kitu cha kushika mwaka mzima. Angejua kwamba Mungu hakumsahau kwa kuwa deni limebaki, na kanisa lingejua lina kazi ya kufanya kwenye ploti yake.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa jambo hili, mzee. Hubiri baya haliishi Jumapili likasahaulika. Linakwenda nyumbani na mtu, linakaa naye meza moja, na likishindwa kutimia yeye hulilaumu jina la Mungu, wala si jina la pasta.

Mfano mwingine unaoujua: Malaki 3:10. Sidhani kuna mshirika Nairobi ambaye hajasikia "leteni zaka kamili ghalani". Lakini mistari mitano tu juu yake, Malaki 3:5, Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi na waapao kwa uongo, na katika orodha hiyo hiyo anawaweka wanaomwonea mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, mjane na yatima. Mwenye kuajiriwa, yaani dada wa kazi aliyeachwa nyumbani na watoto ili sisi tuwahi ibada, ambaye mshahara wake wa mwezi uliopita bado "tunautafuta". Mwaka ambao utasikia mistari yote miwili ikihubiriwa kwa sauti moja, jua mmepata mhubiri.

Vijana wako na YouTube yao siwabezi. Mimi mwenyewe nasikiliza wahubiri wa mbali nikiwa kwenye foleni ya Jogoo Road, na wengine wananizidi kwa mbali. Lakini mhubiri wa kwenye simu hanijui. Aprili 2024 mvua ilipofurika Mathare na maji yakabeba nyumba na watu, kisha watu wa kando ya mto wakaambiwa wahame na mabati yakaangushwa, Jumapili iliyofuata kulikuwa na makanisa ambayo nusu ya wasikilizaji walikuwa wamelala sakafuni kwa ndugu zao. Mhubiri wa Texas au Lagos hakuwa na habari hiyo. Aliyekuwa nayo ni yule pasta ambaye viatu vyake navyo vilikuwa na tope. Tena kwenye simu mimi ndiye ninayechagua: likinichoma naruka, namtafuta mwingine wa kunibembeleza. Paulo aliwaita watu hao wenye masikio ya utafiti, wanaojipatia waalimu makundi makundi, na hakuwa ameona simu. Kanisani neno linatukuta sote pamoja, mwenye ploti na mpangaji wake kwenye benchi moja, na hakuna aliyelichagua.

Kwamba neno la mimbarini laweza kutikisa nje ya ukuta, Nairobi inajua. Siku ya mwaka mpya wa 1990, Mchungaji Timothy Njoya wa kanisa la Kipresbiteri, PCEA, alihubiri katika kanisa la St. Andrew's akigusia tawala za chama kimoja zilizokuwa zikianguka Ulaya Mashariki, na akauliza habari ya nchi zetu. Kenya ilikuwa ya chama kimoja kwa sheria tangu 1982. Serikali ilikasirika sana. Desemba 1991 kifungu kile cha sheria kikafutwa. Sisemi hubiri moja ndilo lililokifuta, maana waliopigania jambo hilo walikuwa wengi na walilipa. Lakini nakwambia hakuna aliyeuliza kama siku hiyo kanisani kulikuwa na skrini.

Upande wa giza nao tunaujua. Tangu Aprili 2023, kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wao watu waliofunga kula hadi kufa wakiamini wanakwenda kuonana na Yesu. Kesi ziko mahakamani na siziingilii. Ninachowaambia wanafunzi ni hiki: mahubiri yana nguvu hata yakiwa ya uongo, na kinga yake ni wasikilizaji wa aina ya watu wa Beroya katika Matendo 17, waliolipokea neno kwa uelekevu wa moyo na bado wakayachunguza maandiko kila siku "waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo". Waliyemchunguza ni Paulo! Na hakuchukia. Mhubiri mwema huwazoesha watu kufungua Biblia zao na kumkagua. Mhubiri akikwambia funga Biblia unisikilize, chukua watoto uondoke.

Sasa swali langu. Mchungaji wenu anaandaa mahubiri lini?

Umeniandikia habari za kwaya, vyombo, skrini na kozi, ila wiki ya mchungaji hukuitaja hata kidogo. Acha nibahatishe, maana niliiishi. Jumanne vikundi vya nyumbani. Jumatano ibada ya katikati ya wiki. Alhamisi kamati ya matanga, kwa sababu kila wiki mtu amefiwa. Ijumaa kesha. Jumamosi saa kumi alfajiri yuko kwenye basi la mazishi kwenda Murang'a au Kitui, anarudi usiku miguu imevimba. Katikati ya hayo simu: huyu ana mgonjwa hospitali ya Mama Lucy, yule kijana wake ameshikwa na polisi. Na kama kanisa halimlipi vya kutosha, ana kibanda cha M-Pesa au bodaboda anayoisimamia. Basi hubiri linaanza Jumamosi saa tano za usiku. Saa tano za usiku, mzee, mtu hawezi kuisoma Yeremia 29 yote. Atachukua mstari anaoujua, au siku hizi ataiambia akili mnemba imwandikie hoja tatu zinazoanza na herufi moja, kisha atajaza mapengo na "mwambie jirani yako". Nawe ukae hapo mbele ukijiuliza kwa nini mahubiri yamedorora.

Piga hesabu nyingine. Watu 200 wakikaa kumsikiliza dakika 35, hizo ni saa zaidi ya 116 za maisha ya watu, kila Jumapili. Kuzitumia bila maandalizi ni ubadhirifu, na hausomwi kwenye ripoti ya mweka hazina.

Kwa hiyo kozi siipingi, naishi kwayo! Lakini mchungaji akitoka kozi akarudi kwenye wiki ile ile, mtakuwa mmemfundisha kuogelea kisha mkamnyima maji. Kabla ya kozi mpeni siku. Alhamisi nzima, tangu asubuhi hadi jioni, simu ishikwe na mzee mmojawapo, na kamati ya matanga iongozwe nanyi wazee. Mitume walifanya hivyo katika Matendo 6: wajane walikuwa wanasahauliwa, jambo zito kabisa, na bado waliwaambia waumini wachague watu saba wengine walishughulikie ili wao wadumu katika kuomba na huduma ya neno. Waliochukua mzigo ule hawakuwa wadogo; mmoja wao ni Stefano.

Pesa mlizopata, sehemu inunue vitabu vya ufafanuzi na Biblia za tafsiri tofauti. Ile ya Union Version ya 1952 ina Kiswahili kitamu, lakini kuna mahali kijana wa Kayole haelewi kitu, na Habari Njema ikiwekwa kando yake inafungua. Sehemu nyingine ilipe nauli na mshahara wa msaidizi wa kumpunguzia safari.

Urefu usikusumbue. Katika jibu lako kwa kamati mtu atasema mahubiri yafupishwe. Juni 2024 Papa Francis aliwaambia mapadre wasizidi dakika nane, watu wasije wakalala. Kwa upande mwingine Paulo alihubiri Troa hadi usiku wa manane, Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, wakamwokota amekufa. Paulo akashuka, akamkumbatia, akasema uhai wake ungalimo, akapanda tena akaendelea hata alfajiri. Mchungaji asiyeweza kufufua na apime dakika zake. Ila kinachowachosha watu si saa. Nimeona watu wa Nairobi wakisimama saa mbili juani kumsikiliza mwanasiasa. Wanachoka pale wanapotambua kwamba msemaji naye hajui anakwenda wapi. Kipimo changu ni Jumatano: mkute mshirika sokoni, muulize Jumapili ilihusu nini. Akikwambia "pasta aliwaka moto" bila kukumbuka andiko, moto uliwaka lakini hakikupikwa kitu. Yohana Krisostomo, yule wa karne ya 4 aliyeitwa Kinywa cha Dhahabu, alipigiwa makofi kanisani mpaka akawaomba watu waache, kwa kuwa makofi yalikuwa yakimpotezea matunda. Amina zetu za kupayuka zina hatari hiyo hiyo.

Mambo madogo ninayapita haraka. Matangazo na salamu za wageni viwekwe mwisho. Mhubiri akisimama watu wamekwisha kukaa saa mbili amepewa mabaki. Kama mnatumia mkalimani, mpeni andiko na hoja kuu Jumamosi, wala msimshike mtu mlangoni. Dakika 40 zenye mkalimani ni dakika 20 za neno. Na mwanasiasa akija aketi kama wengine. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alilisema hilo Septemba 2021 kwa Waanglikana, na sioni sababu ya kanisa dogo la Kayole kushindwa.

Namna ya kumwambia mchungaji ni wewe uijue, lakini usimwendee na barua ya kamati. Mwalike kwako ale chakula. Mwanzie na hubiri lake mojawapo lililokusaidia, na uwe unalikumbuka kweli. Kisha muulize, "Pasta, tukikupa Alhamisi, ungehubiri nini?" Nimeona wachungaji wakinyamaza muda mrefu wakiulizwa hivyo. Mmoja alilia.

Akikosa pa kuanzia, mshauri aache kurukaruka mistari kwa mwezi mmoja tu, achukue Ruthu. Sura nne, Jumapili nne, hata kwa mhubiri aliyechoka inabebeka. Wakatoliki na Waanglikana hupangiwa masomo ya mwaka na kalenda yao, ninyi jipangieni. Ndani ya Ruthu kuna njaa inayowahamisha watu, kuna wajane watatu, kuna mkwe anayegoma kuachwa, kuna msichana mgeni anayetoka asubuhi kutafuta kibarua bila kujua shamba ni la nani. Nusu ya Kayole imo humo.

Skrini inunueni mwakani kama pesa zitabaki, na ikija ionyeshe sura nzima ya siku hiyo badala ya mstari mmoja wenye picha ya mawio ya jua.

Ila mwombe mchungaji, akifika mwisho wa sura ya kwanza ya Ruthu, asiharakishe kwenda kwa Boazi, mwenye lile shamba. Akae kwanza kwenye mstari wa 20, pale Naomi, mama mkwe wa Ruthu, anaporudi mikono mitupu na kuwaambia wanawake wa Bethlehemu, "Msiniite Naomi, niiteni Mara," yaani mwenye uchungu. Kuna mama katika kanisa lenu, nyuma karibu na mlango, ambaye hajawahi kusikia kwamba maneno hayo yameandikwa kwenye Biblia.